Mwanamke wa Mizani

Kwa kuwa leo ni siku ya akiba, tumtazame mwanamke mmoja wa kwenye sarafu. Warumi wa kale walimwita Moneta; neno la Waingereza la pesa limetoka kwenye jina lake. Anasimama, mkono mmoja ana mizani, mwingine pembe iliyojaa matunda. Yaani pesa hii imepimwa, na neema ipo.

Mnamo mwaka 294 Kaisari Diocletian alitoa sarafu mpya ya shaba yenye fedha kidogo, uzito wake kama gramu 10. Baadaye Moneta akawekwa kwenye sarafu za namna hiyo. Watu wakaziamini, wakaziweka. Kumbe wakubwa wanapunguza madini! Kufikia mwaka 318 zilibaki gramu 3 hivi. Jamani, mizani ilikuwa ya kwenye picha tu. Sisi tunaohesabu mezani mbele ya wote tunajua uchungu wa jambo hilo.

Hata hivyo watu waliendelea kuweka. Mwaka 2013, huko Seaton, Uingereza, zilifukuliwa sarafu za Kirumi zaidi ya 22,000 kutoka shimo moja. Mwenyewe hakurudi kuzichukua.