SABUNI YA UNGA NA VITAMBAA VYA MTOTO

Leo tunazungumza juu ya kufua. Mtasema: «Kufua tunajua sisi wote.» Ndiyo. Lakini mama mmoja aliuliza: «Nikitia kitambaa chenye damu mara moja katika maji ya kutokota, doa linakataa kutoka. Juu ya nini?»

Sikilizeni. Tafuna bugali kidogo kwa muda mrefu bila kumeza. Inaanza kuwa tamu, sivyo? Katika mate mna kitu kinachokata bugali vipande vidogo sana, hata inageuka sukari. Kitu hicho kinaitwa anzimu. Utomvu wa papai bichi nao uko na anzimu. Ndiyo maana unalainisha nyama ngumu.

Sabuni nyingi za unga zimetiwa anzimu. Tazama pakiti kama imeandikwa «enzymes». Kila anzimu iko na kazi yake: moja inakata damu na maziwa, ingine uji na bugali, ingine mafuta ya mawese. Doa likiisha kukatwa vile, maji yanalibeba.

Lakini moto mkali unaharibu anzimu. Na damu ikiona moto inagandamana na kitambaa, sawa yai katika maji ya moto. Basi fanyeni hivi:

1. Suuza kwanza na maji baridi.
2. Loweka katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, nusu saa. Anzimu inataka muda.
3. Usichanganye na Javel, inaharibu anzimu.
4. Fua, halafu suuza sana. Sabuni ikibaki inaumiza ngozi ya mtoto.

Sasa angalieni sana. Kitambaa kimekuwa cheupe, mama anafurahi. Lakini anzimu inaondoa doa tu, haiui mikrobe! Mtoto akiharisha, fua vitambaa vyake peke yake, kisha vichemshe dakika 5, uvianike juani, upige pasi. Pasi ya moto inaua pia mayai ya nzi yule ambaye funza wake wanaingia katika ngozi. Halafu nawa mikono na sabuni.

Unga wenyewe usiuvute puani, kwani vumbi lake linaweza kuleta pumu. Uweke mbali na watoto.

Turudilie pamoja, mama: kwanza maji gani? Baridi. Halafu? Vuguvugu. Moto? Mwisho!