Mkataba Kabla ya Mzigo: Nadharia ya Michezo na Urejeshaji wa Betri Chakavu Handeni na Korogwe

Nazungumzia betri ya risasi ya volti 12, ile inayowasha magari na pikipiki na kutunza umeme wa sola vijijini. Betri hiyo ikifa, risasi iliyomo katika seluli zake sita bado ni mali: huyeyushwa na kutengenezewa betri nyingine, tena na tena. Lakini nyuma ya vibanda vya mafundi, asidi humwagwa chini ili mzigo uwe mkavu, kisha betri ikauzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Asidi hiyo hubeba risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto.

Kwa nini betri isirudi kiwandani ikiwa nzima? Tufanye hesabu ya mfano, tukiacha nauli pembeni. Tuseme betri chakavu ina thamani ya shilingi 24,000 kwa kiwanda, na kila shilingi 1,000 anayolipwa mteja huleta betri 10. Kiwanda na duka vingekuwa vya mtu mmoja, angemlipa mteja 12,000, akapata betri 120 na faida ya 1,440,000.

Lakini ni watu wawili. Kiwanda hutangaza bei kwanza, duka hufuata. Ndio mchezo wa kiongozi na mfuasi aliouchambua mwanauchumi Heinrich von Stackelberg mwaka 1934. Kiwanda kitalipa duka 12,000 na duka litamlipa mteja 6,000. Betri zinazorudi ni 60 tu. Kiwanda kinapata 720,000, duka 360,000. Hakuna aliyedhulumu, kila mmoja amekata faida yake bila kuangalia ya mwenzake, na shilingi 360,000 zimepotea.

Dawa ni kugawana gharama na thamani kwa uwiano uleule. Duka limlipe mteja 12,000, kiwanda kikirudisha 7,500 kati ya hizo. Katika thamani ya 24,000, duka lichukue 9,000 na kiwanda 15,000. Betri zinakuwa 120. Kiwanda kinapata 900,000, duka 540,000. Wote wamepanda, na mteja amelipwa maradufu.

Kwa nini duka? Mwaka 2004 watafiti Savaskan, Bhattacharya na Van Wassenhove walionyesha kwamba, katika mfumo waliouchunguza, muuzaji wa rejareja ndiye mkusanyaji bora kwa kiwanda, maana ndiye aliye karibu zaidi na mteja. Anayenunua betri mpya Chanika, mjini Handeni, au Manundu, mjini Korogwe, huja na ile iliyokufa mkononi.

Ugumu wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwenye kuaminiana. Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65, na lori la kiwanda haliji kwa betri tano. Mwenye duka hununua kwa fedha yake, akarundika, akasubiri. Mzigo ukishajaa, ameshikwa: mwenye lori anaweza kushusha bei, naye hana pa kuupeleka. Kwa kuwa analijua hilo mapema, hanunui kabisa, na mnunuzi wa chuma chakavu mwenye fedha taslimu ndiye anayebaki na soko.

Kwa hiyo napendekeza bei isainiwe kabla betri ya kwanza haijapokelewa, isiguswe hadi muda wa mkataba uishe, na malipo yafanyike palepale kwenye mizani. Betri yenye asidi yake ilipwe zaidi ya iliyomwagwa, na tofauti hiyo ibandikwe dukani ambapo fundi ataisoma.