Betri ya Ndege Ndogo: Maneno kwa Wanafunzi wa Zamani na wa Sasa



Hapa Mwamanyili tu jirani na Serengeti, na ndege ndogo si kitu kigeni kwetu. Nitasema juu ya betri zake.

Katika safari moja ya kikazi, mbali na hapa, nilikwama kwenye kiwanja cha udongo pamoja na mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali. Injini ilikuwa nzima. Betri ilikuwa imekufa, kwa kuwa iliachwa majuma mengi bila kuchajiwa.

Kemia mnayosoma inaeleza sababu. Betri ya volti 12 ina seli 6. Nguvu ikiisha, mabamba yake hufunikwa na salfeti ya risasi. Ukichaji mapema, salfeti huondoka. Ukichelewa, huwa fuwele ngumu isiyoondoka.

Kwa hiyo fundi hupima asidi kwa haidromita: 1.28 hivi, betri imejaa, 1.15, imekwisha. Maji yakipungua, huongeza maji yaliyokenekwa, si asidi wala maji ya bomba. Wakati wa kuchaji hakaribishi moto, maana betri hutoa haidrojeni.

Angani, injini ya pistoni hupata cheche kutoka kwenye magneto, hata betri ikifa. Lakini alternata ikiharibika, redio hubaki kuitegemea betri peke yake.

Vijana, kupima na kuandika kila mara si kazi duni. Mgonjwa wetu alifika kesho yake, akapona. Mwingine huenda asingeweza kungoja.