Kikulacho ki nguoni mwako



Juma lililopita jirani yangu alinigongea mlango usiku wa manane. Mwanawe wa mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa na mafua tangu Jumatatu, alikuwa akihema mbiombio. Tukamkimbiza hospitali, akalazwa kwa nimonia. Kulipokucha mama mtu akaniuliza: "Baba Asha, nani kamwambukiza mwanangu?"

Swali hilo limenikaa moyoni. Mafua huenda aliyapata kwa mwenzake, lakini adui aliyeshuka mapafuni pengine alikuwa mwilini mwake siku zote. Bakteria aitwaye nyumokokasi, aliyegunduliwa mwaka 1881, hukaa puani na kooni mwa watoto wengi wenye afya bila kuwadhuru.

Mbona basi hatuugui kila siku? Mwili una mabawabu wake. Ute hunasa vijidudu, vijinywele vya njia ya hewa huusukuma juu, kikohozi huutoa nje. Anayepenya hadi mapafuni humezwa na chembe za kinga. Akiingia kwenye damu, bandama humchuja.

Balaa huja mabawabu wakidhoofika. Virusi vya mafua huharibu vijinywele hivyo. Mwaka 1918, wengi waliokufa kwa homa kuu ya mafua walimalizwa na bakteria hawa wa kawaida. Moshi wa jikoni, utapiamlo, virusi vya Ukimwi, na selimundu inayoharibu bandama, yote hayo humfungulia adui mlango.

Kwa hiyo tuache kusema "ni mafua tu." Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, mpeleke hospitali. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje kupambazuke.

Ipo pia chanjo, inayoufundisha mwili kumtambua nyumokokasi mapema. Kenya ilianza kuitoa mwaka 2011, Tanzania mwaka 2013. Kadi ya kliniki ya mtoto yule ilikuwa na nafasi tupu mahali pa chanjo hiyo.

Nashukuru, Jumamosi alirudi nyumbani. Mama yake haulizi tena ni nani. Sasa anauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.