MTETEMO WA MOTA NA PAMBA YA MKULIMA
Maneno ya mafundi wa kiwanda mbele ya Mkutano Mkuu



Tumeombwa sisi mafundi wa kiwanda cha kuchambulia pamba tuseme machache katika sherehe hii ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu. Twashukuru kwa heshima hiyo. Walakini hatutasifu mitambo. Tutasema habari za mota moja iliyotutia hasara.

Wengi mwakumbuka msimu ule mota ya feni kubwa ilipoungua, ikapelekwa mjini kusukwa nyaya upya. Iliporudi ilikuwa imepakwa rangi nzuri. Tukaiwasha, ikazunguka, tukatia sahihi, na aliyeitengeneza akalipwa. Siku ya kumi na moja beringi ikavunjika. Pamba yenu ikalala uani chini ya maturubali, na mvua haikungoja. Lawama ilikuwa yetu pia, maana tuliipokea kwa macho tu.

Tangu hapo hatupokei mota ila baada ya kupima mtetemo wake. Kila kizungukacho hutetemeka. Neno ni kiasi gani. Kipimo chetu cha kuazima ni kidogo, chenye sumaku. Hubandikwa penye beringi, wima, ubavuni, na kwa kufuata urefu wa mhimili, nacho huonyesha kasi ya mtetemo kwa milimita kwa sekunde. Kwa mota kama zetu, za kilowati 15 hadi 75, Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mipaka mwaka 1995: isiyozidi 1.12 ni hali ya mtambo mpya, hadi 2.8 yafaa kwa kazi ya siku zote, ikipita hapo isiachwe muda mrefu, ikizidi 7.1 mtambo u hatarini. Kanuni hiyo iliandikwa upya mwaka 2016, lakini sisi bado twaanzia hapo.

Mota hupimwa kwanza peke yake, bila mkanda wala feni, tusije tukamtwika fundi wa mota kosa la feni. Mota ile huzunguka karibu mara 1,470 kwa dakika, yaani mara 24 na nusu kwa sekunde. Mtetemo ukija mara moja kwa kila mzunguko, aghalabu uzito haukulingana; kwetu, mara nyingi ni pamba iliyonata kwenye bawa moja la feni. Ukija mara mbili kwa kila mzunguko, twashuku mihimili haikunyooshana. Ukija mara 100 kwa sekunde, twashuku umeme, kwa kuwa umeme wetu ni wa mizunguko 50. Hapo twauzima na kutazama kipimo: mtetemo ukifa papo hapo huku mota bado yazunguka, kasoro ni ya umeme, ukipungua polepole pamoja na mwendo, kasoro ni ya chuma.

Mwaka jana nusura tuirudishe mota nzima kwa hasira. Kipimo kilisoma 4.6. Mmoja wetu akalegeza bolti ya mguu mmoja, kipimo kikashuka hadi 1.3. Mguu ule haukukaa sawa juu ya msingi, na msingi tuliujenga sisi wenyewe.

Wako wazee wetu wanaoweka bisibisi kwenye beringi na kusikiliza kwa sikio. Hatuwadharau, sikio lao limeokoa mashine nyingi. Ila sikio halijui kuandika, na msimu ukipita hakuna awezaye kulinganisha alichosikia.

Kwa hiyo twaiomba Kamati mambo mawili: inunue kipimo chetu wenyewe, na pasilipwe mota yoyote iliyotengenezwa kabla fundi wa kiwanda hajaandika kipimo chake cha kwanza. Tumekwisha kuanza daftari. Liko mezani pa karani wa kiwanda, na mwanachama yeyote aweza kulifungua.