Kulizunguka Ziwa Paradise kwa Baiskeli: Tujiandae, Tuutunze Msitu

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana waendesha baiskeli mjini Marsabit, Siku ya Baiskeli Duniani



Tarehe 3 Juni ilitengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani. Sisi hapa Marsabit hatuhitaji kuambiwa baiskeli ni kitu gani. Ndiyo inayobeba mitungi ya maji, magunia sokoni na watoto wanaoenda shule. Lakini vijana mmekuwa mkiuliza swali jipya: je, tunaweza kutoka mjini, tupite msituni hadi Ziwa Paradise, tutokee upande wa Karare, kisha turudi nyumbani kwa barabara ya lami?

Nitawajibu bila kuzunguka. Safari hiyo ni nzuri, lakini si ya kuamka asubuhi na kuondoka tu. Sehemu ya njia imo ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Marsabit, na mwenye kutoa ruhusa huko ni Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kufika Lango la Ahmed na kuuliza. Mkiambiwa leo hapana, rudini. Mkiambiwa ndiyo, nendeni pamoja na askari wa wanyamapori na mfuate njia atakayowaonyesha.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Tuanze na ziwa lenyewe. Mlima wetu ni wa volkano, na umetoboka mashimo makubwa tunayoyaita gof. Paradise imo ndani ya Gof Sokorte Guda, yaani ile kubwa. Ndogo yake, Sokorte Dika, iko karibu zaidi na mji. Pande zote za mlima ni nyika kavu, na upande wa kaskazini-magharibi ni jangwa la Chalbi. Huku juu, ukungu wa alfajiri hunaswa na majani na ndevu za miti, ukadondoka chini na kuingia ardhini. Maji ya chemchemi za Bakuli yanayotumika mjini yanatoka katika msitu huo. Anayekata mti kule juu anakata mfereji wa jirani yake huku chini.

Ziwa hili lilijulikana ng'ambo kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Kati ya 1924 na 1927, Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, waliishi ukingoni mwake wakipiga picha za filamu za wanyama. Baadaye dunia ikamjua ndovu wetu Ahmed, mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais, na Ahmed akalindwa usiku na mchana hadi alipokufa mwaka 1974. Sanamu yake iko katika makumbusho ya taifa Nairobi. Lakini muulize kijana wa hapa mjini ameliona ziwa mara ngapi. Wengi watawaambia hawajawahi kufika. Hilo ndilo jambo ambalo baiskeli inaweza kubadilisha.

Sasa tuje kwenye njia. Mtakutana na ardhi za aina tatu, na kila moja ina adabu yake.

Ya kwanza ni murram na udongo wa msituni. Wakati wa kiangazi ni vumbi na changarawe inayoteleza kwenye kona. Wakati wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, udongo huo hugeuka tope linaloziba mudgadi na kukwamisha hata gari. Mvua ikinyesha usiku, ahirisheni safari. Anayelazimisha kupita huacha mfereji wa tairi, na mvua inayofuata huufanya korongo.

Ya pili ni mawe meusi ya volkano. Haya hukata tairi ubavuni. Punguzeni upepo kidogo kwenye tairi ili zishike njia, lakini msipunguze mno, la sivyo jiwe litaibana tyubu na kuitoboa. Mahali penye mteremko mkali, shukeni msukume. Hakuna aibu kusukuma baiskeli.

Ya tatu ni lami ya barabara kuu ya Isiolo hadi Moyale. Tangu barabara hii ikamilike, safari zimekuwa nyepesi, lakini malori na mabasi yanakwenda kasi. Hapa jazeni upepo tena, mpange mstari mmoja upande wa kushoto, mvae nguo zinazoonekana kwa mbali. Upepo wa Marsabit mnaujua: unaweza kumsukuma mtu hadi katikati ya barabara lori likipita. Msiendeshe gizani.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la wanyama, kwa sababu hapo ndipo maisha yanapopotea. Baiskeli haina sauti. Hiyo ndiyo sifa yake msituni, na ndiyo hatari yake. Gari husikika mapema, ndovu akajitenga. Mwendesha baiskeli hutokea konani ghafla, na ndovu mwenye mtoto au nyati aliyejilaza kichakani hushtuka. Kwa hivyo endeni kwa kikundi, mzungumze kwa sauti ya kawaida, mpunguze mwendo kabla ya kila kona, na askari awe mbele. Mkimwona ndovu, simameni mbali. Akitanua masikio na kuwageukia, anawaambia mmekaribia mno. Rudini nyuma polepole, msipige kelele wala kumrushia kitu. Msijaribu kumpita kwa kasi. Alfajiri na jioni ni saa zao za kunywa maji. Tuwaachie ziwa saa hizo.

Kuna jambo moja ambalo najua halitawafurahisha wote. Kijana mmoja ataona njia ya mkato na kusema, tufyeke hapa, tuweke njia yetu ya baiskeli. Tafadhali, msifanye hivyo. Njia mpya msituni haichagui mpitaji. Leo itapita baiskeli, kesho apite mwenye msumeno, kesho kutwa mwindaji haramu. Tutumie njia za magari zilizopo basi, hata kama ni ndefu. Tumetoka kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo, kuanzia 2020 hadi 2022. Tumezika mifugo yetu. Hatuna msitu wa kuchezea.

Kila anayekwenda abebe maji ya kutosha kwa siku nzima, kwa maana msituni hakuna kioski. Kila kikundi kibebe pampu, viraka, gundi, tyubu ya akiba, spana na sanduku la huduma ya kwanza. Miiba ya migunga haimwogopi mtu. Black Mamba ya babu inafika kama breki zake ziko sawa na cheni imetiwa mafuta. Si lazima baiskeli ya bei kubwa. Pelekeni kwa fundi siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Mwambieni mtu nyumbani mnapopita na saa mtakayorudi, maana simu haishiki kila mahali. Takataka zote zirudi nanyi.

Mwisho, angalieni mnaondoka na nani. Mlima huu ni wa Mborana, Mrendille, Mgabra, Mburji, Msamburu na wengine wote waliojenga hapa. Tumewahi kuogopana hata kupita kijiji cha mwenzetu. Kikundi cha baiskeli kisiwe cha kabila moja. Mtu aliyekuzibia pancha njiani si rahisi kumwita adui.

Nendeni mkaulize langoni, mjiandae, na mkirudi salama mtuletee picha zenu tuzichapishe katika jarida hili.