Kisima Kikiingiwa na Chumvi: Funzo la Pwani kwa Chemichemi za Bureti

Hotuba ya afisa wa maji wa kaunti katika mkutano wa kamati za chemichemi uliofanyika Litein

Najua wengine mmeacha majani chai shambani ili muwe hapa.

Nilipomwambia mzee mmoja kwamba leo nitazungumza juu ya maji ya bahari kuingia visimani, alicheka. Akaniambia, "Kijana, bahari iko Mombasa. Hapa ni Litein." Ni kweli, mzee wangu. Tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na safari ya barabara hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Chumvi ya bahari haitafika kwetu. Lakini makosa yaliyoileta visimani kule pwani tunaweza kuyafanya hapa, na mengine tumeshaanza kuyafanya.

Kabla ya kuja Kericho nilifanya kazi pwani. Huko nilimjua mwenye nyumba mmoja wa kupangisha aliyekuwa na kisima kizuri, maji matamu. Wapangaji walipoongezeka, alinunua pampu kubwa zaidi. Jirani naye akachimba chake, na wa tatu chake. Baada ya muda wapangaji wakaanza kulalamika kwamba chai imebadilika ladha. Walikuwa wakinunua majani mazuri ya milima hii yetu, lakini kikombe kina chumvi. Yule mwenye nyumba akaita mafundi wakaongeza kina cha kisima, na chumvi ikazidi. Mwishowe alikuwa akinunua maji ya lori, na kisima chake kikabaki cha kusafishia sakafu.

Kwa nini kuongeza kina kulimzidishia hasara? Hapo ndipo penye funzo.

Chini ya ardhi ya pwani kuna maji ya mvua yaliyozama kwenye mchanga na mawe ya matumbawe. Chini yake kuna maji ya bahari yaliyopenya kutoka upande wa ufuo. Lita moja ya maji ya mvua ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya maji ya bahari inazidi hapo kwa gramu 25 hivi. Kwa sababu hiyo maji matamu huelea juu ya yale ya chumvi, kama mafuta juu ya supu. Tofauti hiyo ndogo ya uzito ina maana kubwa: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukivuta mpaka ukashusha maji kwa mita moja, chumvi inapata nafasi ya kupanda mita 40 kwa muda. Anayeongeza kina anaifuata chumvi iliko.

Tena haihitajiki chumvi nyingi. Changanya lita 2 za maji ya bahari na lita 98 za maji matamu, na mtu ataonja tofauti. Ikishaingia, kuzima pampu leo hakuitoi kesho. Ni lazima mvua izame na kuisukuma polepole, na kazi hiyo huchukua miaka mingi.

Wenzetu wengi wamepitia haya. Dar es Salaam ilipata ukame mkali mwaka 1997, mabomba yakakauka, na visima vingi vikachimbwa kwa haraka. Vilisaidia watu wakati ule, lakini baadhi ya vilivyo karibu na bahari vimekuwa vya chumvi. Kule Oman, kwenye pwani ya Al Batinah, wakulima waliacha kuteka maji kwa nguvu za wanyama wakaweka pampu za injini. Mashamba yalipanuka kwa miaka kadhaa, kisha bahari ikaingia chini, na mitende ikafa katika mashamba ya karibu na ufuo. Serikali yao ikajenga mabwawa ya kuzuia mafuriko ili maji yazame ardhini. Lamu nao wanategemea vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga ule unachuja na kuhifadhi mvua inayonyweka mjini, na ndiyo sababu watu wa Lamu hupiga kelele kila wanaposikia mtu anataka kujenga juu yake.

Mombasa yenyewe haiwezi kuishi kwa visima vya kisiwani. Tangu miaka ya 1950 inapata maji kutoka chemichemi za Mzima, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Maji ya Mzima ni mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anafungua mfereji kwa hisani ya vilima ambavyo labda hajawahi kuviona.

Na sisi ndio vilima vya wenzetu. Mvua ya Mau na ya Bureti inazama, inatokea kwenye chemichemi, inaingia Kipsonoi na Itare, inakuwa mto Sondu, inazungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu ya megawati 60, kisha inaingia Ziwa Victoria. Mkikausha chemichemi moja hapa, kuna mtu kule chini anayepungukiwa, lakini wa kwanza kupungukiwa ni mama wa hapa anayebeba mtungi.

Sasa nije kwetu. Mji wa Litein unakua. Plot zinajengwa, shule na biashara zinataka maji yao, na mashine za kuchimba visima zinapita barabarani. Si vibaya kuchimba. Kibaya ni kuchimba bila kujua kilicho chini na bila kuhesabu kinachotoka. Nawaomba mambo matano.

La kwanza, kibali. Kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, huwezi kuchimba kisima cha mashine bila idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mtaalamu apime ardhi kwanza. Kisima kikishachimbwa, kijaribiwe kwa pampu kwa saa nyingi ili kijulikane kinaweza kutoa kiasi gani, na pampu iwekwe kulingana na hicho. Visima viwili vilivyobanana vinanyang'anyana maji yaleyale.

La pili, pimeni maji kwenye maabara. Sisi hatuna chumvi ya bahari, lakini mawe yetu ni ya volkano, na katika Bonde la Ufa visima virefu vingi vina floridi iliyozidi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi hapo kwa miaka, meno ya watoto yanageuka rangi, na ikizidi sana mifupa inaumia. Floridi haionekani wala haionjeki, na kuchemsha maji hakuiondoi.

La tatu, vyoo. Choo cha shimo kikae angalau mita 30 kutoka kisima au chemichemi, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Chumvi ya pwani huharibu chai, lakini kinyesi kikifika majini kinaleta homa ya matumbo na kipindupindu.

La nne, mikaratusi. Najua hapa naingia kwenye mfuko wa mtu. Mkaratusi ni kuni, ni nguzo, ni karo ya shule. Sisemi uondolewe kila mahali. Upande kwenye mteremko mkavu, mbali na maji. Pembeni mwa mto, kanuni zinataka kati ya mita 6 na mita 30 ziachwe bila kulimwa. Karibu na chemichemi pandeni miti ya kwetu kama lamaiywet, na mzungushie ua ili ng'ombe wanywe kwenye birika nje.

La tano, mabati. Mvua ya milimita 20 ikinyesha kwenye paa la mita mraba 50, ni lita 1,000. Hapa kwetu mvua kama hiyo si ya kutafuta. Tangi moja na mifereji ya mabati vinapumzisha chemichemi na mgongo wa mama.

Na wale wenye watoto wanaofanya kazi Mtwapa, Ukunda au Malindi, wapigieni simu. Mtoto akitaka kununua plot kule, asiulize bei na hati peke yake. Aonje maji ya kisima cha jirani, na aulize yalikuwaje miaka kumi iliyopita.

Kamati za chemichemi, nawaachia kazi moja rahisi. Kila mwezi, siku ileile, wekeni mtungi wa lita 20 kwenye bomba la chemichemi yenu, mhesabu sekunde mpaka ujae, mwandike kwenye daftari. Mtungi uliojaa kwa sekunde 40 mwaka huu ukijaa kwa sekunde 60 mwaka ujao, mje na daftari hilo ofisini kwetu. Yule mwenye nyumba wa pwani hakuwa na daftari. Chai ndiyo iliyomwambia, na ilimwambia wakati amechelewa.

Sasa niko tayari kwa maswali yenu.